Kiti cha Gocha

Tripodi ilikuwa na mguu mmoja mfupi.
Tukauwekea kitabu cha kemia, tukasema: hapa.
Picha ya mbali, korido nzima ya ghorofa ya saba,
milango minane, taa moja, na Nutsa mwishoni
mdogo kama njiti ya kiberiti iliyosimamishwa.
Ilipendeza. Haikusema kitu.

Tukasogea. Picha ya karibu:
kope zake, poda iliyopasuka puani,
jasho, maana taa ya Tornike ilikuwa ya mafundi rangi
na ilibabua.
Tukaona kila kilichokuwa usoni
isipokuwa sababu ya yeye kulia.

Tukalala sakafuni, tukapiga kutoka chini:
akawa mnara.
Tukapanda ngazi, tukapiga kutoka juu:
akawa kitu kilichodondoshwa na mtu mwenye haraka.
Tukaipinda kamera, dunia ikaenda upande.
Tornike akasema hii ni hofu.
Nikasema hii ni shingo inayouma.

Filamu yenyewe dakika sita:
binti anarudi Kutaisi kutoka ughaibuni,
anaufuata mlango wa mama yake,
hagongi.
Basi. Niliiandika usiku mmoja wa Januari
nikidhani kutogonga ni jambo jepesi kulionyesha.

Ilibaki kamera itembee naye.
Reli hatukuwa nazo, na kuzikodi siku moja
ni kodi ya chumba changu miezi miwili.
Ndipo tukamkumbuka Gocha wa mlango wa nne
na kiti chake cha magurudumu.

Alitupa. Akakaa juu ya kreti ya maji ya madini,
akaipanga miguu yake kwa mikono, mmoja, kisha wa pili,
akatutazama tukisukumana ndani ya kiti chake.
Teki ya kwanza, tulipita mbio.
Ya nne, tuligonga ndoo ya mtu.
Ya tisa ilikuwa laini, laini mno,
siagi inayotembea.

"Mnaendesha kama watu walioazima miguu," akasema Gocha.
Zamani, kiwanda cha malori kilipokuwa bado kinatoa moshi,
kazi yake ilikuwa kuyajaribu malori mapya
kwenye barabara mbovu, asikilize lipi linadanganya.
"Nirudishieni. Na hiyo kamera, leteni."

Kamera ni ya chuo, tuliisainia watatu.
Akaipakata kama paka wa jirani,
bila kuiangalia sana,
akaanza kujisukuma.
Sukuma, acha. Sukuma, acha.
Picha ikapumua: inakwenda, inasita, inakwenda.
Uso wa Nutsa ukatoka nje ya fremu, juu,
ukabaki mkono,
mkono katikati kabisa, kimo cha kitasa,
na tukaona vidole vyake vikijikunja kugonga
tangu mlango wa pili.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.
Alikuwa akifanya hivyo teki zote.
Sisi tulikuwa juu mno.

Kitanda usichokilalia, ndiyo, naijua hiyo.
Ila mimi nilikiazima kabisa, nikakipangia ratiba,
na kunguni nikawaachia mwenyewe kwenye kreti.

Mbele ya mlango wa mama Gocha alisimama.
Sikuwa nimesema kata, sikusema.
Chini huko lifti ikameza sarafu ya mtu,
ikaanza kupanda, na kamba zake zinazolia.
Nutsa akageuza kichwa kuisikiliza.
Mkono haukugeuka.

Mwalimu Manana alitupa sita kwa kumi.
Pembeni, kwa penseli: kamera inatikisika.
Chini yake: ya mwisho kapiga nani?

Gocha alikataa kuitwa mpigapicha.
Kwenye majina ya mwisho, herufi ndogo, utamsoma:
dereva.

Juzi tulikutana kwenye lifti.
Akaniuliza kama yule binti aligonga hatimaye.
Nikapapasa mifuko yote, sina hata tetri.
Akanilipia yeye.